Kopo la Yaya Juliana

Ndugu zangu wa jumuiya na majirani wa Kikula hapa Likasi, tangu nirudi kutoka mto Lualaba hamjaacha kuniuliza. Mmoja aliniuliza mlangoni mwa kanisa, mwingine kwenye bomba la maji, mwingine kwenye kilio chenyewe: ulikwenda mbali vile, na umri wako huo, ukarudi na kopo tupu? Nilijibu kwa kutikisa kichwa tu, maana habari yenyewe haisimuliki kwa kusimama. Sasa nimekaa. Namshukuru Mungu aliyenipeleka na kunirudisha, na nitaandika kama nilivyokuwa nikifundisha katekisimu: jambo moja kwanza, halafu linalofuata.

Wengi mlimjua Yaya Juliana, dada yangu mkubwa, aliyeketi mbele kanisani upande wa akina mama hadi macho yalipomzimikia. Baba yetu alizikwa Kalombwe, kijiji kilicho kando ya Lualaba, chini ya Bukama. Alikuwa askari, akaenda vita vya Wazungu, akarudi mzima, halafu akafanya kazi ya mashine ndani ya stima hadi homa ilipomchukua. Mimi nilikuwa bado mgongoni mwa mama. Yaya alikuwa msichana aliyekwisha kujua kutwanga. Mjomba wetu, aliyekuwa na kazi ya kiwandani hapa Likasi, akaja kutuchukua sote, na hakuna aliyerudi tena Kalombwe.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mtoto akifa mbali na kaburi la mzazi wake, au mke mbali na la mume wake, hutafutwa udongo kidogo wa kaburi lile, ukatiwa chini ya kichwa chake ndani ya sanduku, ili asilale kama mgeni. Mama yetu alizikwa hapa bila udongo wa mume wake, kwa sababu ya haraka na ya uhaba, na Yaya hakulisahau jambo hilo. Kwa hiyo siku alipoona nguvu zinamwishia, aliniita kitandani. Kando yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga, amelisugua mwenyewe kwa mchanga, amelifunga kwa kipande cha kitenge chake cha Mama Maria.

"Stani," alisema, "minye ninaenda. Kichwa yangu ilale juu ya Papa. Fanya mbio."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia ni mzee. Nikachukua kopo.

Kutoka Likasi hadi Tenke

Treni ilikuwa ya asubuhi, ikaondoka jua likiwa limechoka. Nilikalia mfuko wangu kwenye kituo, kopo mapajani, nikasali rozari hadi vidole vikafa ganzi. Aliyenikatiza alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti inayofika kabla yake, aliyekuja na mafurushi ya chumvi na magunia matupu.

"Papa, songa kiloko. Weye uko na kiti ya ufalme, batu bengine bako na mawe."

Nikasonga kidogo. Huyo ndiye Mama Odette, mchuuzi wa samaki wa kukaushwa. Amekuwa akipanda na kushuka njia ile tangu ujana wake, na kwa neema ya Mungu tulikuwa tunakwenda upande mmoja. Ndani ya behewa alifungua bakuli lake, akanigawia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kabla hata ya kuniuliza jina. Aliposhiba ndipo akauliza habari za kopo. Nilimwambia ninakwenda kuchota udongo wa kaburi la baba yangu, aliyekuwa mtu wa mashine katika stima. Sikumtajia uaskari. Sikuona sababu ya kuutaja. Angalieni neno hilo, maana litarudi.

Tenke tulikaa. Kichwa cha treni kilingojwa kutoka upande wa pili, na hakuna aliyejua kilipo. Watu walishuka, wakawasha mioto, wakanunua viazi vitamu na viwavi wa kukaanga. Katika behewa letu walikuwamo vijana wachimbaji, wale wanaochimba mawe kwa mikono, na kopo langu likawanyima usingizi. Waliona mzee anayelikumbatia mchana kutwa, halitui chini hata anapokula.

"Papa," akasema mmoja, "na weye uko mu mawe? Tuonyeshe tu. Hatuibe."

"Si mawe, mwanangu."

"Bazee ba kanisa njo banajuaka kuficha."

Nikaona ni heri kuwaondolea dhambi ya kudhani. Nilifungua kitenge, nikatoa kifuniko, nikawainamishia kopo. Wakachungulia wote, vichwa vikagongana. Yule wa kwanza akasema, "Aa, papa anapelekea batu ba Bukama hewa ya Likasi," wakacheka mpaka behewa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Tangu hapo hadi mwisho wa reli nikawa Papa Hewa.

Bukama, kungoja

Bukama ni mahali pa joto la chini, joto linalotoka ardhini na kupanda ndani ya suruali. Sisi wa Likasi tumezoea baridi ya vilima vyetu, hatuliwezi. Nilikaribishwa kwa shemeji wa Mama Odette, nikapewa mkeka barazani na samaki wabichi kila mlo, mpaka nikaanza kuota makayabo, yule samaki wa chumvi tunayemdharau huku nyumbani.

Kule mashua ndefu ya mbao yenye injini huitwa balenye. Nahodha wa balenye yetu alikuwa mwanamume mkavu anayeitwa Mukalay, mwenye kofia ya kijeshi iliyopauka; sikuwahi kumwona bila hiyo, ila mara mbili ambazo nitazieleza. Nilimwendea kila asubuhi.

"Kapita, tunaenda leo?"

"Papa, balenye inaenda wakati inashiba."

Na haikuwa inashiba. Siku moja ilipata magunia ya mahindi, siku nyingine mabati ya paa, halafu mbuzi, halafu harusi nzima iliyopanda, ikagombana, ikashuka. Mimi ni mtu wa subira, nimengoja mengi maishani, lakini safari hii kila asubuhi niliona kitanda cha Kikula mbele ya macho yangu. Nilianza kusema na Mungu kwa sauti isiyofaa. Nilimwambia, Bwana, dada yangu hana siku nyingi, na Wewe unangoja mbuzi.

Tuliposukumwa hatimaye kutoka ufukoni, Mukalay aliniuliza ninashukia wapi. Nikamwambia Kalombwe.

"Kalombwe kwa nani?"

"Kwa baba yangu."

Alinitazama kidogo chini ya kofia yake. "Baba yako eko anakungoja?"

"Ananingoja," nilisema, maana ndivyo nilivyoamini. Akageukia usukani wake.

Juu ya maji

Mto ule hauna haraka. Unapita katikati ya mafunjo marefu kuliko nyumba, unajigawa, unasahau njia, unaikumbuka tena. Ndege weusi walikaa juu ya vigogo na mbawa wazi kama nguo zilizoanikwa. Injini yetu ilikuwa mgonjwa. Ilikohoa, ikazimika, ikafunguliwa, ikapulizwa, ikawaka. Kila ilipozimika tulipelekwa na maji ubavu mpaka kwenye matete, na kina baba walishika pondo kutusukuma nje. Nilikuwa nimehesabu kuzimika kwake kama mtu anayehesabu kikohozi cha mgonjwa, kisha nikaacha.

Siku ya kufika, Mama Odette alinipa samaki wa kuchoma juu ya jani. Nilikuwa ninakula. Tulikuwa tunazunguka kona pana ambapo ukingo wa kulia ni mwekundu na umekatika wima kama mkate. Hapo injini ikazimika.

Watu wote wakasimama. Nilidhani wanasimama kutafuta pondo. Mukalay alivua kofia yake, nikadhani ni joto. Balenye ikawa inateleza yenyewe, na hakukuwa na sauti yoyote, hata ya mbuzi. Mimi peke yangu nilibaki nimeketi, na uchovu wa siku zote ukanipanda kichwani.

"Haya," nilisema kwa nguvu, "imekufa tena?"

Hakuna aliyejibu. Mama Odette alinivuta shati kwa nyuma. Nilidhani ananihimiza, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kanisa mle ndani. Basi nikatupa miba ya samaki majini, nikapangusa mikono, nikafanya ishara ya msalaba na kuanza kusali kwa sauti ya kanisani. Nilimwomba Mungu aiponye injini ile. Nilimwomba aguse mafuta yake, plagi zake, mkono wa kapita, na nilimkumbusha kwamba kuna mgonjwa Likasi anayengoja. Mama Odette alinivuta tena. Nikaongeza Salamu Maria.

Tulipoimaliza kona, Mukalay aliirudisha kofia kichwani, akavuta kamba, injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Haikuwa imewahi kuwaka kwa mvuto wa kwanza.

"Sala imesikiwa," niliwaambia.

Watu waliketi. Hakuna aliyenitazama usoni. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akahamia upande wa pili wa magunia.

Kalombwe

Kijiji kinaanza na minyororo. Ukingoni kuna minyororo kwenye vyuma vinene vilivyochomekwa ardhini, vya kufungia stima, na mitumbwi ya leo imefungwa humo humo kama mbuzi waliofungwa kwenye mti wa kufungia tembo. Nyuma yake kuna uwanja mpana ulionyooka, ambapo zamani askari walipiga kwata. Sasa akina mama wanaanika samaki, nao huwapanga kwa mistari iliyonyooka hivyo hivyo. Upande wa chini, ndani ya matete, kuna stima iliyokufa. Mti umeota tumboni mwake na kutokea pale palipokuwa na bomba la moshi. Nilipoambiwa jina lake, lilikuwa jina lile lile Yaya aliloniambia. Nilisimama mbele ya chuma kile nikiwaza kwamba mikono ya baba yangu ilikigusa, na sikuwa na kumbukumbu hata moja ya mikono yenyewe.

Nilipelekwa kwa Baba Kitenge, ambaye baba yake alipiga tarumbeta kambini. Ni mtu wa rika langu, mwembamba, mwenye mzaha. Alipika chai yenye tangawizi, akauliza ukoo, akautafuta kichwani mwake, akaupata.

"Weye njo mutoto ya Kazadi wa motere? Ule mwenye alikataaka kuvaa viatu mu stima?"

Kazi ya motere, yaani ya mashine, niliijua; sikujua kwamba baba yangu alikataa kuvaa viatu. Machozi yalinitoka kwa sababu ya viatu hivyo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kanisani kukawa na tatizo. Kalombwe ina koo mbili ambazo si za damu: wana wa askari, wanaoketi kushoto, na wana wa stima, wanaoketi kulia. Wametaniana hivyo tangu babu zao. Wana wa askari husema bila wao kusingekuwa na kijiji, maana kambi ndiyo ilikuja kwanza kulinda njia ya mto. Wana wa stima hujibu kwamba askari wangefika wapi kwa miguu. Sasa mimi, mwana wa askari aliyegeuka mtu wa stima, niketi wapi?

"Ni wetu," mzee mmoja wa kushoto alisema. "Alibeba bunduki mbele ya kubeba mafuta."

"Na alikufa na nini mu mikono?" akajibu mama wa upande wa kulia. "Na bunduki?"

Padri hakuwapo, mwenzangu katekista ndiye aliyeongoza, akacheka akiwa altareni. Wakaniwekea kiti katikati ya njia, peke yangu, kama mtuhumiwa au kama bwana arusi. Nilishukuru. Sikuwahi kuwa na upande wowote uliodai kwamba mimi ni wake.

Baada ya ibada nilimwomba Baba Kitenge anipeleke makaburini.  Akauliza nimekujaje, nikamwambia kwa balenye ya Mukalay, jana. Akauliza kama niliona ile kona pana yenye ukingo mwekundu.

"Niliona. Injini ilikufa pale."

"Haikufe," alisema polepole. "Banaizimaka."

Ndipo aliponieleza, nami ninawapa maneno yake kwa ufupi. Watu wa kawaida, hata wa stima, walizikwa juu, nyuma ya kanisa. Lakini kila aliyewahi kuwa askari, hata kama alikufa akifanya kazi nyingine, alizikwa kwenye kona ile ya mto, ili stima zinazopita zimwone. Na kila stima ilipofika hapo ilizima mashine, na baba yake Kitenge alisimama ukingoni akapiga tarumbeta. Mashine zilizimwa ili tarumbeta isikike, hilo tu. Kisha kambi ikafungwa, mpiga tarumbeta akafa, tarumbeta yenyewe ikachukuliwa katika vurugu. Stima zikafa. Na mto, ambao daima ulikuwa unaula ukingo ule taratibu, ukafika kwenye makaburi. Katika mvua moja ulichukua safu ya mbele. Katika mvua nyingine ukachukua zilizobaki, misalaba ya chuma na yote.

"Tulikimbia na pondo na kamba," alisema. "Tulishika nini? Mayi ilibeba bote. Sasa balenye ikipita, inazima motere. Tarumbeta haiko tena, lakini kile kimya tulikibakisha. Sisi wa askari na wa stima, pale tu njo hatubishane."

Nilikuwa nimeshika kopo. Nilimwambia kila kitu: samaki, miba niliyoitupa, jinsi nilivyouliza kama imekufa tena, jinsi nilivyoketi wakati wageni wamemsimamia baba yangu. Nilimwambia kwamba nilisali kwa sauti kubwa juu ya kichwa cha baba yangu nikiombea plagi.

Baba Kitenge aliinamisha uso. Nilidhani analia. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaona kwamba mzee mwenzangu anacheka, anajizuia na hawezi.

"Unisamehe, ndugu," alisema akijipangusa macho. "Lakini miaka yote, batu banapita pale, banamunyamazia tu. Weye unakuja kutoka mbali, unamupigia sala ya motere. Kazadi. Muntu wa motere." Akanishika mkono, kicheko kikamwisha. "Alisikia. Aliona iko mumoja anajua kazi yake."

Mama Odette alinikuta jioni kwenye minyororo. Alikuja kuomba radhi. Alikuwa amedhani kaburi langu liko juu, nyuma ya kanisa, kwa kuwa nilimwambia baba alikuwa mtu wa stima tu. Pale konani haruhusiwi mtu kusema, kwa hiyo hakuweza kuniambia. Na baadaye aliona aibu kumkosoa katekista. "Nilizani weye muntu wa kanisa unachekea mambo ya bakubwa."

Kisha akalitazama kopo.

"Na Yaya?"

"Sijui."

"Papa Stani, nisikie. Yaya haone tena. Iyi udongo ya hapa, baba yako aliikanyagaka, tena bila viatu. Jaza. Muzee wa batu alale mu amani. Mungu atakuwekea hiyo bongo?"

Neno hilo la bongo, yaani uongo, alilisema kwa huruma, na sitaki mtu amhukumu. Alipoondoka nilipiga magoti, nikachota. Udongo wa Kalombwe ni mwekundu, laini, unashika vidole. Kopo lilijaa upesi. Nilifunga kifuniko, nikalifunga kitenge, nikalipima mkononi. Lilikuwa na uzito ule ule ambao ningetaka liwe nao. Nilikaa nalo kwa muda wa rozari nzima. Nilijiambia kwamba kuna uongo ambao ni mto wa kichwa kwa mgonjwa. Lakini niliwaza pia jambo hili: Yaya alikuwa ananingoja mimi, si udongo. Angeniuliza swali moja tu, "Ni yake?", na mimi, niliyewafundisha watoto wa Likasi ile amri ya nane, usiseme uongo, ningemjibu mtu anayekufa "ndiyo", na angeondoka na neno langu mbele za Mungu, akalikuta huko kuwa ni uongo.

Nilifungua kitenge, nikamwaga.

Kupanda mto

Wakati wa kurudi sikuuliza tunaondoka lini. Mukalay alikuwa amekwisha kuambiwa. Aliniweka mbele kabisa, mahali pasipo na mizigo. Tulipokaribia kona, alizima injini mbali zaidi kuliko desturi. Kupanda mto bila injini ni kazi; maji hukurudisha. Wanaume wakashika pondo, bila neno, wakaisukuma balenye dhidi ya maji, hatua kwa hatua, chini ya ukingo mwekundu. Walivua kofia zao. Mimi sikuwa na kofia, nikavua miwani. Mto ukawa rangi tu, kijani na nyekundu na kitu kinachong'aa. Sikusali kwa sauti. Nilisikia maji yakigonga mbao, na pumzi za watu wanaosukuma.

Ya njiani mengine nayaacha. Treni ilichelewa, Tenke tulikaa, na Mama Odette aliuza nusu ya samaki wake kabla hajafika sokoni.

Kikula

Yaya alikuwa hai. Sifa kwa Bwana aliyemngojesha. Nilimwekea kopo mikononi. Akalipapasa, akalitikisa karibu na sikio.

"Iko mwepesi."

"Iko tupu, Yaya."

 Vidole vyake viliendelea kuzunguka kifuniko. Nilimweleza yote, kuanzia viatu mpaka mto. Nilipofika kwenye makaburi yaliyochukuliwa, aligeuza uso ukutani, na nikasikia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chembamba, kama cha yule msichana aliyetolewa Kalombwe akiwa na mchi mkononi. Alilia kwa muda mrefu. Nilijuta. Nawaambia ukweli: saa ile nilijuta kumwaga ule udongo.

Halafu akasema, bado ameelekea ukutani, "Na motere? Banazimaka paka leo?"

"Wanazima. Mpaka leo."

"Siku ya kuzika Papa, stima ilizima. Mama alinishika mukono. Tarumbeta ilipiga, kisha ilinyamaza, na ile kimya njo ilinitisha, si tarumbeta." Akavuta pumzi. "Nilizani niliisahauka."

Ndipo nikamsimulia ile sala yangu ya plagi. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa, alicheka bila sauti, akikohoa, mpaka binti yake akaingia mbio akidhani ni mwisho. Alipotulia alinishika mkono.

"Stani. Siku yangu, na minye bazime motere."

Nyinyi mliokuwapo siku tulipomzika mnakumbuka. Barabara inaposhuka kuelekea makaburini nilimgonga begani dereva wa gari lililombeba Yaya, akazima injini. Wajukuu walishuka, na wanaume wa jumuiya, na wengine wenu hamkujua kwa nini lakini mlitia mikono, Mungu awabariki. Tulilisukuma gari mpaka langoni, na hakuna aliyeimba. Mama mmoja muuza makaa pale kando alisimama, akatuonea huruma. "Pole, ba papa," alisema. "Gari kufa na siku kama iyi? Mukamate sala, itawaka."

Vijana walitaka kumkaripia. Niliwazuia. Nilimwinamia mama yule, tukapita.

Hamkuona nilichofanya mwishoni, maana mlikuwa mmekwisha kugeuka. Kabla wachimba kaburi hawajasawazisha, nilichota kwenye udongo uliomfunika Yaya, nikajaza kopo, nikalifunga kwa kitenge chake cha Mama Maria. Baba hakuweza kuja chini ya kichwa cha mtoto wake. Basi mtoto atakwenda kwake, pale konani, na nitamimina polepole wakati injini imezimwa.

Nimekwisha kumwagiza Mama Odette aulize habari za balenye. Na nimenunua kofia, ili safari hii niwe na cha kuvua.